Sanduku la Mama na Bustani Yake

Mto Suam hutoka ndani ya kilele cha Mlima Elgon, katika lile bakuli kubwa lililoachwa na moto wa kale. Hupita katika korongo upande wa mashariki, kisha hushuka ukiwa mpaka kati ya Kenya na Uganda. Mbele zaidi huitwa Turkwel, na maji yake huishia katika Ziwa Turkana. Penye mpaka huo upo mji mdogo uitwao kwa jina la mto. Watu wake ni Wasabaot, na Wabukusu, na wengine wengi walioyafuata mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia; na ng'ambo wako Wasebei, ambao kwa lugha na kwa asili ni ndugu wa Wasabaot. Asubuhi huko ni baridi kali. Mtoto aendaye shule bila sweta hufika amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa, na mwalimu hana haja ya kuuliza kama nyumbani kwao yuko ajuaye kufuma.

Hayo yasemwa kwanza kwa sababu habari ya leo ni ya mama, na mama wa huko hujulikana kwa vitu viwili: nguo alizozifanya kwa mkono wake, na bustani iliyo nyuma ya jiko lake. Akiisha kufariki, vitu hivyo viwili ndivyo viletavyo maneno nyumbani.

Wabukusu wana desturi yenye heshima kubwa iitwayo kumuse. Mzee mwenye umri na wajukuu akifa, huitwa msemaji aliyejaliwa kipawa hicho, naye husimama mbele ya watu akitembea huku na huku, akisimulia mambo ya ukoo, akiwafariji waliofiwa na kuwaonya walio hai. Watu huketi chini kimya kumsikiliza. Lakini desturi hiyo ni ya wanaume hasa. Mke wa mzee huyo, ijapokuwa amelea watoto kumi na kuzika wawili, haitiwi msemaji wa namna hiyo. Yeye akiisha kuzikwa, na siku za kunyoa zikipita, wanawake wa nyumba huketi pamoja wakalifungua sanduku lake. Kanga hii huenda kwa dada yake, sweta lile kwa shangazi, kitambaa hiki kwa mjukuu aliyepewa jina lake. Basi nguo ndizo zisemazo kwa ajili yake, na aliyezifahamu huzisikia.

Msomaji na amfikirie mama mmoja wa namna hii. Jina halihitajiki, maana yumo karibu katika kila boma kati ya Endebess na mtoni. Na aitwe Mama tu.

Alizaliwa upande wa Bungoma mwaka 1938, na wakati huo nchi ile ilikuwa sehemu ya wilaya ya North Kavirondo. Mwaka 1956 ilitengwa ikawa wilaya ya peke yake, ikaitwa Elgon Nyanza, na makao yake yakawa Bungoma. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilikuwa vimekwisha kuanzishwa, tangu 1952, chini ya idara ya serikali iliyoshughulika na maendeleo ya jamii, na viongozi wa vyama walifundishwa katika Jeanes School huko Kabete. Wanawake walikutana chini ya mti au katika chumba cha shule, wakafundishwa kushona, kufuma, kupika, kutunza watoto wachanga, na kulima mboga. Si haki kuficha kwamba vyama hivyo vilizaliwa mwaka ule ule ambao Hali ya Hatari ilitangazwa, na kwamba serikali ilivitumia kuwavuta wanawake upande wake, hasa katika Mkoa wa Kati. Wako ambao hawakuvisamehe kwa ajili hiyo, na hawakukosa sababu. Lakini msichana wa Elgon Nyanza aliyetiwa sindano mkononi hakuiona siasa katika tundu lake. Aliuona uzi. Mwaka 1958 Bi Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa chama chote, na baada ya hapo ilikuwa vigumu mtu kusema kwamba jambo hilo ni la wazungu.

Kazi ya kwanza aliyoifanya Mama ilikuwa kutarizi kitambaa cha marekani. Kitambaa hicho kililetwa Unguja na wafanya biashara wa Marekani tangu miaka ya 1830, wengi wao kutoka Massachusetts, na jina likabaki hata baada ya nguo yenyewe kuanza kutoka nchi nyingine. Katika miaka ya 1950 kiwanda kikubwa kilijengwa Jinja, Uganda, kikiendeshwa kwa nguvu za umeme wa Mto Naili, na marekani iliyofika katika maduka ya Bungoma ikawa imefumwa karibu na nyumbani. Baba yake Mama alilima pamba. Aliipeleka Malakisi kwenye kiwanda cha kuchambulia, akalipwa kwa ratili, na baadaye binti yake alinunua nguo kwa yadi. Mzee alipenda kusema kwamba pamba yake ilikwenda safari ikarudi imekuwa mgeni mwenye bei. Hata hivyo alimnunulia mtoto nyuzi za rangi, nyekundu na kijani, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mtu mwenye watoto saba.

Alipoolewa akahamia Suam. Wazungu walikuwa wakiuza mashamba baada ya Uhuru, na mumewe pamoja na wenzake walichanga fedha wakapata sehemu. Huko baridi ilimfundisha kazi mpya. Sindano ya kutarizia ilifaa kwa kupamba. Sindano mbili za kufumia zilifaa kwa kuishi. Akafuma masweta ya watoto wake, kisha ya watoto wa jirani kwa malipo kidogo, kisha ya shule. Ada za shule za watoto watatu zilitoka katika masweta hayo, na hilo ni jambo ambalo mumewe alikiri mbele ya watu, ingawa alichelewa kulikiri.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990, wakati nguo za mitumba zilipofurika sokoni. Viwanda vya nguo vya nchi vilidhoofika. Kile cha Rivatex huko Eldoret, kilichojengwa katika miaka ya 1970, kilifungwa, na mwaka 2007 kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Mafundi wa cherehani waliokuwa wakiketi katika baraza za maduka ya Kitale walipungua. Nani atalipa sweta lifumwe kwa wiki mbili, na sweta la Ulaya lauzwa chini kwa bei ya sabuni? Wanawake wengi waliweka sindano zao juu ya dari. Mama hakufanya hivyo. Alikwenda Kitale kwenye marundo ya mitumba, akachagua sweta baya kuliko yote kwa umbo lakini lenye sufu njema, akarudi nalo akalifumua, akaosha uzi, akauning'iniza na jiwe ili unyoke, akauviringa, akafuma upya.

Kazi hiyo ina elimu yake, na yafaa kuielezea kidogo, maana wengi huijaribu wakakata tamaa. Si kila sweta hufumuka. Sweta lililokatwa kwa makasi kiwandani na kushonwa kwa mashine pembeni, uzi wake hutoka vipande vipande, urefu wa mkono mmoja mmoja, nao haufai kitu. Lililofumwa kila kipande kwa umbo lake, kisha vipande vikaunganishwa kwa uzi, hilo hufumuka kutoka juu hata chini bila kukatika. Mama alilipindua sweta ndani nje, akatazama mshono, akalirudisha au akalipa, wala hakutazama rangi. Wauzaji walimcheka, kisha wakaanza kumwekea.

Sasa habari ya bustani. Ilikuwa hatua 20 kwa 15, nyuma ya jiko, mahali ambapo majivu na taka na maji ya kuoshea vyombo vilimwagwa kwa miaka 50 hata udongo ukawa mweusi kama kitu cha kupikwa. Kulikuwa na sukuma wiki kama kwa kila mtu. Lakini kiburi chake kilikuwa mboga za kienyeji: kunde, saga, sucha, mrenda, mitoo, na maboga yaliyopanda juu ya ua. Kwa miaka mingi mboga hizo zilidharauliwa kuwa za maskini. Baadaye watu wa mjini walizitafuta, na bei yake Kitale na Nairobi ikapanda, na wale waliozing'oa wakaja kuomba mbegu. Kando ya njia kulikuwa na waridi na dalia. Mumewe alinung'unika kwamba maua hayaliwi. Mama akamjibu kwamba tai yake ya Jumapili nayo hailiwi, na mzee hakulitaja tena.

Mbegu alizihifadhi katika vibuyu na chupa, zimechanganywa na majivu makavu ili vidudu visizile, na nyingine alizifunga katika vitambaa akazitundika juu ya moshi wa jiko. Nazo zilikuwa na majina. Hazikuitwa kwa aina yake, ziliitwa kwa watu waliozitoa. Kulikuwa na kunde za dada wa Chwele, na boga la mke wa mwalimu, na saga ya yule bibi wa Kapenguria aliyelala hapo usiku mmoja tu, gari lilipoharibika.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Nchi hii ya Trans Nzoia ni nchi ya mbegu mashuhuri kuliko zote katika Kenya. Kazi ya kuzalisha mahindi bora ilianzishwa Kitale mwaka 1955 na Bwana Michael Harrison, na mwaka uliofuata Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa katika mji huo huo. Bwana Harrison alisafiri hata Amerika ya Kusini na ya Kati kutafuta mahindi ya kuchanganya na yale ya Kitale, na mwaka 1964 ikatoka mbegu iitwayo H611, ambayo mzazi wake mmoja ni mahindi ya Ecuador. Mbegu hizo na zile zilizofuata zilijaza maghala ya nchi, na hakuna mkulima mwenye akili atakayezitukana. Lakini ziliitwa kwa namba, na zina tabia moja: mkulima akiweka punje za mavuno yake na kuzipanda mwaka wa pili, nguvu hupungua, hivyo lazima arudi dukani kila mwaka. Mbegu za Mama hazikuuzwa mahali po pote. Kama yeye hakuzipanda, basi hakuna aliyezipanda.

Mama akafariki, amekwisha kupita miaka 80, mwezi wa Januari, wakati mashamba yamelala makavu na watu wana nafasi ya kuzika.

Siku za matanga zilipokwisha, watoto wakaketi. Mtoto wake wa kwanza, mkulima, hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyelipa gharama nyingi, na ndiye aliyekesha. Lakini alisimama nyuma ya jiko akaupiga udongo ule kwa kiatu, akaona ulivyo laini, akasema kwamba trekta ikija kulima shamba mwezi wa Machi ipitie na hapo pia.

"Tutapanda mahindi," akasema. "Udongo huu umelala tu."

Dada yake, karani katika ofisi moja mjini Kitale, hakumsikia vema, maana alikuwa ndani na sanduku. Alikuwa amelifunga tena kwa kufuli. Alisema atalichukua lote, vitambaa na kanga na masweta na sindano, akaviweke katika kabati lenye kioo katika sebule yake, watu waone, mtu asiviguse.

"Kaka, nitavitunza kuliko mtu ye yote," akasema. "Wengine watavifanya matambara."

Wote wawili walisema kwa ajili ya kumpenda mama yao. Hilo lisisahauliwe, maana katika nyumba nyingi ugomvi wa namna hii huonekana kuwa ni tamaa ya mali, na watu huchukuliana vibaya miaka na miaka, kumbe kila mmoja alitaka kushika mkono uliokwisha kuachia.

Hesabu ya mahindi ni rahisi. Mahali pa hatua 20 kwa 15, mwaka ukiwa mwema na mbolea ikiwa tele, patatoa magunia mawili. Mawili si kitu cha kudharau. Lakini bustani ile ilikuwa imelisha nyumba mboga karibu kila siku ya mwaka, na ziada ilikwenda sokoni kwa mafungu. Na jambo hilo halikuandikwa po pote, kwa sababu fedha zake ziliingia katika fundo la kanga na kutoka zimekuwa chumvi, daftari na mafuta ya taa. Kitu kisichoandikwa katika daftari, wanaume wenye madaftari hukiona kuwa hakipo.

Hesabu ya sanduku ni ngumu zaidi, na mfano wake upo Kitale kwenyewe. Mzungu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikuwa mtu wa kukusanya. Tangu utoto, mwaka 1894, alikusanya vipepeo na wadudu wengine, ndege, vitabu na vyombo vya watu. Mwaka 1926 alifungua jumba lake la makumbusho huko Kitale, akaendelea kukusanya mpaka alipokufa mwaka 1966. Aliacha wasia kwamba vitu vyake vyote viwe vya taifa, pamoja na fedha za kuvitunzia, na mwaka 1974 likafunguliwa jumba jipya ambalo hata leo watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Vipepeo wake wamo, wamechomwa pini, mabawa wazi. Kipepeo aliyekauka vema, akiwekwa gizani pamoja na dawa ya kufukuza wadudu, hukaa zaidi ya miaka 100. Jumba hilo ni fahari ya mji, na karani yule alikuwa amekwenda huko alipokuwa msichana; yamkini kabati lake la kioo lilizaliwa siku hiyo.

Lakini sufu si kipepeo. Nondo hutaga mayai katika sufu iliyotulia gizani, na viwavi wake huila. Hupenda zaidi iliyowekwa na jasho au mafuta bila kufuliwa. Pamba hailiwi na nondo, ila ikikunjwa na unyevu hupata ukungu, na ikikaa miaka katika mkunjo ule ule hukatika penye mkunjo. Mwangaza wa jua unaopita katika kioo hufifisha nyekundu kwanza. Kwa hiyo mtu atakaye kuweka nguo ya marehemu na aifue, aikaushe kivulini hata iwe kavu kabisa, aiweke safi, na kila baada ya miezi michache aitoe, aikung'ute, aikunje kwa mikunjo mingine. Maana yake ni kwamba lazima aiguse.

Na mbegu ni ngumu kuliko sufu. Mbegu za vitunguu, zikipita mwaka mmoja au miwili, nyingi hufa. Maharagwe hudumu kama miaka mitatu yakiwa makavu. Sucha huvumilia zaidi. Lakini hakuna mbegu inayongoja mpaka ndugu wapatane.

Aliyelijua hilo alikuwa mke wa mtoto wa pili. Huyu ndiye aliyeishi na Mama miaka 11, akichota maji, akipalilia, akikaripiwa kwa kumwagia mche maji juu ya majani adhuhuri. Katika baraza la nyumba hakuwa na sauti, kwa kuwa ni mgeni aliyeolewa. Alisimama mlangoni na vibuyu viwili mkononi.

"Shemeji," akasema, "unisamehe. Vitunguu hivi visipopandwa mvua hii, havitaota tena. Mimi sitetei ardhi. Nauliza tu nivipande wapi."

Hakuna aliyejibu. Ndipo shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, mama mzee asiyeona vema, akaomba aletewe sweta mojawapo katika sanduku. Karani akalifungua kufuli kwa shingo upande. Shangazi akalipapasa sweta, mikono, shingo, mpaka akafika kwenye kiwiko, akasimama hapo. Kulikuwa na kiraka, kimefumwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Hili nalijua," akasema. "Lilikuwa la baba yenu. Kabla ya hapo lilikuwa masweta mawili ya watoto. Mama yenu hakuwa na nguo iliyozaliwa mara moja. Wewe mwanangu wataka kulifungia, na wewe mwanangu wataka kulima makaburi ya mbegu zake. Mlikaa naye miaka yote hiyo, hamkumwona?"

Maneno yalikuwa makali, na karani akatoka nje akalia. Watu wakamwacha alie.

Yaliyofuata hayakumpendeza kila mtu. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika 1981, haibagui mtoto wa kike na wa kiume, na karani aliijua vema; lakini sheria haina neno juu ya tuta la saga. Wakakubaliana kwamba kijana mkubwa achukue ukanda ulio kando ya barabara, ambao ulikuwa na maboga tu, na sehemu iliyobaki ikae mikononi mwa mke wa mtoto wa pili, naye awape wenzake mboga na mbegu wakija. Waridi zilikuwa katika ukanda wa barabara. Baadhi zilihamishwa, zikafa mbili. Dalia ziliota, maana viazi vyake vilifukuliwa kabla ya trekta kufika.

Sanduku likagawanywa kama ilivyo desturi. Karani alichukua vitambaa vitatu vya kutarizi, kimoja kikiwa kile cha kwanza kabisa, chenye nyuzi nyekundu na kijani ambazo babu yake alinunua kwa fedha za pamba. Hicho amekiweka katika kabati lake, na hakuna aliyemlaumu. Masweta yalikwenda kwa wajukuu. Lile la kiraka lilikuwa limechakaa mno lisiweze kuvaliwa, basi mke wa mtoto wa pili akalifumua jioni mbili, akaosha uzi, akautundika na jiwe kama alivyoona, akamfumia mtoto wake mchanga soksi na kofia. Karani alipoona hivyo alikasirika upya. Kisha alimbeba mtoto. Alimshika miguu muda mrefu, bila kusema kitu.

Yako mambo yaliyopotea kabisa, na yafaa kuyataja kwa sababu yanapotea hivyo hivyo katika nyumba nyingine. Mama alikuwa na namna ya kufuma ukosi uliosimama bila kulegea, na hakuna aliyemwuliza ahesabu mishono mbele yake. Wanawe walidhani wataona tu siku moja. Vibuyu vinne vilikuwa na mbegu ambazo hakuna aliyejua ni za nini wala hupandwa mwezi gani. Yule karani, ambaye kazi yake ni kuandika, alileta daftari akawazungukia shangazi na majirani, akauliza kila mbegu ilitoka kwa nani, akaandika majina upande mmoja na miezi upande wa pili. Alijaza kurasa sita. Alisema mwenyewe kwamba angaliuliza miaka mitano mapema angalijaza daftari zima, tena kwa kinywa cha mwenye mali, akiwa ameketi karibu naye na sindano zikigongana. Mtu mwenye mama aliye hai, na kalamu mfukoni, anaweza kuifanya kazi hiyo Jumapili yo yote alasiri.

Mvua ikanyesha mwishoni mwa Machi. Kijana mkubwa akapanda mahindi yake kwa mstari, mbegu ya kununua, na mbolea ya kununua, nayo yakaota vizuri kama yaotavyo siku zote katika nchi ile. Upande wa pili wa ua mke wa ndugu yake akapanda vitunguu. Vikaota chini ya nusu. Kunde za dada wa Chwele zikaota zote. Saga ikaota yenyewe hata njiani. Vile vibuyu vinne visivyojulikana alivimwaga kila kimoja katika tuta lake, akachomeka kijiti. Kimoja hakikutoa kitu. Kimoja kilikuwa sucha, na kimoja mitoo. Cha nne kilitoa maharagwe ya kutambaa yaliyopanda juu ya vijiti, yakavuka, yakashika ua, yakaendelea kuelekea kwenye mahindi ya shemeji yake. Punje zake zilipokomaa zilikuwa nusu nyeusi na nusu nyeupe, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyekumbuka kuzila.

Mwezi wa Agosti mama mmoja kutoka upande wa Bukwo, ng'ambo ya mto, alipita hapo akitoka sokoni, akaomba maji ya kunywa. Akiwa amesimama na kikombe aliyaona maharagwe juu ya ua, akauliza yametoka wapi. Wakamwambia hawajui, ni ya marehemu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema kwamba mama yake mzazi ndiye aliyempa Mama mbegu hizo, mwaka wa njaa, 1984, walipobadilishana kwa sweta la mtoto, na sweta hilo alilivaa yeye mwenyewe mpaka likapasuka. Kwao Bukwo maharagwe hayo yaliisha zamani. Mama yake alipokufa waliyala yote siku za matanga.

Karani alikuwapo siku hiyo. Alilitoa daftari, akauliza jina la huyo mama wa Bukwo limeandikwaje, akaliandika mbele ya cha nne. Mke wa mtoto wa pili akaenda uani akachuma maganda yaliyokauka, akayamenya haraka haraka, akazifunga punje katika ncha ya kanga ya mgeni.

"Zipandwe lini?" akauliza, kabla ya kumwachia.

"Mvua ya kwanza ikipita," akasema yule mama, "mkiisha kusikia vyura."